Hodi, Wenyewe

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha mchana, na kama kawaida yake imeingia dukani kwangu kabla ya wateja. Hapa mtaani Kimisagara tuko bondeni. Milima ikioga, sisi ndio tunaopokea maji machafu. Nimenyanyua vitambaa juu ya meza, nimemfokea Mugeni, msaidizi wangu, bila kosa, kisha umeme ukakatika na cherehani zikanyamaza. Ndiyo maana naandika. Daftari ni la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma mbele. Mugeni ananicheka, ati fundi mzima nimerudi darasa la kwanza.

Niandike basi kilichonikaa kooni. Mdogo wangu Nasiri anaondoka Alhamisi. Ni mchomeleaji wa vyuma, na amepata kazi ya kujenga kambi ya jeshi huko pwani. Jeshi la nani? La nchi ya ng'ambo. Nchi gani? Hapo ndipo watu wote wanapoangalia viatu vyao. Wengine wanasema Wazungu, wengine Waarabu, wengine Wachina. Bertrand, wakala anayeandikisha watu katika ofisi yake pale Sonatubes, ukimwuliza anakwambia "mteja". Hata pwani yenyewe ni ya nchi ipi, mkataba unakataza kusema.

Nilimwuliza Nasiri, jeshi lenye kwao linatafuta nini kwa watu? Akajibu, "Dada Yasi, mimi naunganisha vyuma. Maswali nakuachia wewe, maana unayapenda."

Sina haki ya kusema sana. Ovaroli zao nashona mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimegombana na Bertrand kwenye simu mpaka Mugeni akatoka nje. Kila ovaroli inadariziwa jina la mwenyewe kifuani, na majina analeta yeye. Nimefika kwenye jina la ndugu yangu nikakuta NASILI. Kwa L! Msichana wake wa ofisini kaandika alivyosikia, na hapa mjini kwetu R na L ni watoto mapacha, mama yao pekee ndiye anayewatofautisha.

Nikampigia. Nikasema huyu ni Nasiri, nimemfunga nepi mimi, namjua.

"Fundi, usibadirishe," kasema Bertrand. "Nasili iko kwa kitamburisho, iko kwa geti. Ukiandika ingine watamrudisha."

"Mtu *yuko*, Bwana Bertrand. Kinachokuwa *iko* ni sahani yako ya wali."

Akacheka. Hakubadilisha.

Nasiri mwenyewe hakujali. "Kama anayetakiwa ni Nasili, basi mimi ni Nasili. Darizi tu, Dada." Mama ndiye aliyekataa kunywa chai yake. Macho ya Mama yameingiwa na ukungu, haoni zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni, lakini masikio yake yanasikia mpaka mawazo. Akasema, "Mtu akipotea huitwa kwa jina lake. Huyu wangu mtamwitaje?"

Nikamwambia aache uchuro. Nikaidarizi ile L, na uzi ukakatika mara mbili juu yake.

Alhamisi, 18 Septemba

Ameondoka. Sikulia mbele yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Nyumba imekuwa kubwa. Mlango wetu una desturi yake: Nasiri hajawahi kuingia kimya. Husimama nje hata mvua ikimpiga, apaze sauti, "Hodi, wenyewe!" Na Mama atajibu kutoka ndani, "Wenyewe tupo! Karibu, mgeni!" Mgeni gani, na amezaliwa kitanda hicho hicho? Ni mchezo wao, waliurithi kwa Babu, aliyekuja huku kutoka pwani na marobota ya kanga, akaoa Nyamirambo, akasahau kurudi. Leo jioni Mama alikaa ameelekea mlango kama anayengoja mchezo uanze. Mimi nikapita na ndoo bila hodi, akaguna.

Ijumaa, 26 Septemba

Sauti ya Nasiri imefika kwenye simu. Tumeisikiliza dukani, mimi, Mama na Mugeni, tumeinamiana kama watu wanaoota moto.

"Asalaam aleikum wa nyumbani. Mimi mzima. Joto la huku linakukamua kama nguo. Watu wanaongea kama Babu, Mama, ungefurahi. Wenye kambi hatuwaoni sana, wako upande wao wenye viyoyozi. Jina lao haturuhusiwi, kwa hiyo tunawaita Wenyewe. Wenyewe wamesema hivi, Wenyewe hawataki vile. Sasa juzi nimefika kwenye geti nikajisahau, nikapiga 'Hodi, wenyewe!' Askari akaninyooshea bunduki!"

Tulicheka sana, mimi na Mugeni. Mama hakucheka.

"Wenyewe ndio waliobaki nje ya ua," akasema. "Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi mgeni anakuja na jembe lake, anampa mwenye nyumba alime."

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumezibua mtaro. Umezibika tena alasiri.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sauti yake leo haikuwa na mzaha. Kasema wamepangiwa kuweka tangi la mafuta ya ndege penye uwanja ambao Wenyewe wanauita mawe ya kale. "Dada, mawe ya kale gani? Nimekuta jiwe upande wa kichwa, jiwe upande wa miguu, safu kwa safu, yote yameelekea kibla. Mimi mtoto wa Kiislamu nisijue kaburi?" Kila Ijumaa baada ya swala watu wa kijiji kile wanakuja, wanasimama nje ya uzio, wanawasomea wafu wao Fatiha kupitia kwenye waya. Hawaruhusiwi kuingia.

Mugeni amejikuna mkono, akasema, "Yoo, huko si pazuri." Ameogopa kwa sababu mwanaye Mucyo naye amejiandikisha kwa Bertrand, kundi la Desemba. Mugeni amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na siku zote ana neno. Leo amechukua ufagio akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Sare za shule. Mvua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kuna bibi mmoja pale kwenye uzio, anaitwa Bi Mwanaisha. Alimwita Nasiri kwa sababu alimsikia akiitikia amina. Akamwomba amtazamie kaburi la binti yake: lina sahani ya kauri yenye maua ya bluu, imebandikwa kwenye chokaa upande wa kichwa. Nasiri kalitafuta, kalipata, karudi kumwambia sahani haijapasuka. Bi kizee akalia, akamshika vidole kupitia kwenye waya.

"Nimewaomba wasimamizi mifupa ihamishwe kwanza," Nasiri kasema. "Wanasema itahamishwa, itahamishwa. Lakini tangi limeshapakiwa, linakuja. Dada, mimi ndiye wa kulichomelea. Sijui nitaishikaje ile fimbo ya kuchomea."

Nilimjibu afanye kazi yake, wafu wana Mungu wao. Nimeyasikiliza tena maneno yangu hayo kwenye simu, na nimejichukia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hakuna sauti.

Alasiri mvua ilinyesha kubwa, bati likawa linapiga ngoma, na katikati ya kelele ile Mama akasema kwa nguvu, "Wenyewe tupo! Karibu, mgeni!" Nikatupa mkasi, nikakimbia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Maji tu yanateremka kwenye ngazi.

"Amepiga hodi," Mama akasema.

"Mama, ni mvua."

"Mvua haijui jina la mchezo wetu."

Jumatano, 22 Oktoba

Simu yake haipatikani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo alivyokuwa akisema Babu, na mimi usemi huo sikuupenda hata mara moja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimepanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Sonatubes, nimeingia kwa Bertrand na matope yangu yote, nimeketi bila kukaribishwa. Nikamwambia sitoki mpaka nijue ndugu yangu yuko wapi.

Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililonichanganya. Akaniagizia chai, akafunga mlango. "Dada Yasmina, hii habari ni ya haya. Nasili alitoroka. Alivua nguo ya kazi yeye mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiacha. Nguo irirudi stoo. Iko na wanawake wengi huko nje ya kambi. Wewe unajua vijana."

Nikamwuliza, kwa nini asinipigie? Akainua mabega. "Haya, dada. Haya ni kitu kubwa."

Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mwanzo sikuamini. Nilipofika mtoni Nyabugogo nilikuwa nimeamini, na hasira imenipanda mpaka masikioni. Mpuuzi yule! Tumemlea kwa taabu, mama kipofu anamngoja mlangoni, yeye kapata sketi na upepo wa bahari katusahau! Nimemwambia Mama yuko mzima, ameacha kazi tu. Mama akauliza, "Nani kasema?" Nikasema Bertrand. Akageuza uso ukutani.

Jumatano, 29 Oktoba

Gunia la kwanza limefika kutoka kambini. Watu wa kundi lililolitangulia la kina Nasiri wamemaliza miezi yao. Nguo zimerudi zibadilishwe majina, zivaliwe na wengine. Zina harufu ya chumvi na oili. Kazi ni kufumua jina la zamani na kudarizi jipya juu yake. Kitambaa hiki ni kigumu, kimepakwa dawa ya kuzuia moto, na sindano ikishapita hakijifungi tena. Pasi haisaidii. Ukiinua kifua cha nguo dirishani, unasoma jina la mtu wa kwanza kwa matundu tu, mwanga unapenya.

Tumezifua, lakini kwa mvua hii hazikauki. Tumezitundika kwenye kamba ndani ya duka, mikono inaning'inia, maji yanadondoka kwenye beseni.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mama ameletwa dukani apate joto la pasi. Ameingia, ameona vivuli vile vimesimama juu yake, akavisalimu. "Asalaam aleikum, wanangu. Poleni na safari." Akashika mkono wa ovaroli moja, akausikia umelowa. "Huyu amenyeshewa, mpeni chai."

Mugeni aliangua kilio akajifanya ana mafua. Mimi nikasema, "Mama, hizo ni nguo."

"Najua ni nguo," Mama akanijibu kwa ukali. "Na waliokuwa ndani yake wako wapi?"

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemkataza mtu yeyote kutaja jina la Nasiri dukani. Mama anazisalimu nguo kila akija. Nadhani akili yake inaondoka taratibu, na anayenikera katika hilo ni yule yule mpuuzi wa pwani.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya mawe. Mbuzi wa jirani ameingia jikoni kwetu bila hodi.

Jumatatu, 1 Desemba

Gunia la pili. Hili ni la kundi la Nasiri mwenyewe, wamerudi Ijumaa. Nimeangalia kila jina nikitafuta NASILI, huku nikijiambia sitafuti. Haimo. Sawa. Aliiacha stoo, waigawe wanavyotaka.

Majina mapya yamekuja pia. Mucyo wa Mugeni yumo. Mugeni ameishika ile karatasi ya majina kifuani, amefurahi na ameogopa kwa pamoja.

Jumanne, 2 Desemba

Mama amesikia hodi tena. Tulikuwa jikoni wote wawili, kweupe, tunachambua mchicha. Akapaza sauti kuitikia. Nami naapa nimesikia hatua zikikimbia ngazini. Nimetoka, nimeona mgongo wa mtu mwenye koti la mvua akikata kona. Si wa ndugu yangu. Huyu ni mfupi.

Jumatano, 3 Desemba

Nitaandika pole pole.

Nimefika kwenye ovaroli yenye jina refu, NDIHOKUBWAYO. Halikudariziwa na mimi. Limeshonwa kwa mkono, herufi zimebanana, uzi mweusi wa aina ya kushonea turubai. Nikasema nani huyu kaniharibia kazi. Nikafumua. Jina lilipotoka nikaona chini yake kuna matundu mengine, ya mashine, yamepangwa sawa sawa. Nikasogea dirishani, nikainua kifua kwenye mwanga.

N. A. S. Nikajua kabla sijafika. I. Kisha L, ile L iliyonikatia uzi mara mbili. Matundu yake yamerudiwa. Hakuna mwingine duniani mwenye ile L.

Nilikaa chini. Mugeni akaniuliza mara tatu kuna nini. Nikampa nguo. Naye akaiinua, akasoma, akaziba mdomo.

Nilijiambia kwamba hakuna jipya: aliivua, wakampa mwingine. Bertrand alisema hivyo hivyo. Lakini moyo umekataa kutulia. Huyu Ndihokubwayo amelala na kuamka ndani ya nguo ya ndugu yangu wiki hizi zote. Kama kuna mtu anayejua, ni yeye. Mucyo anawafahamu waliorudi. Kasema yule anauza viatu vya mitumba nyuma ya soko la Kicukiro.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimempata. Mtu mfupi, koti la mvua limetundikwa nyuma yake kwenye msumari. Nimeliona koti kabla ya kumwona yeye.

"Ni wewe uliyekuja kwetu," nikamwambia.

Hakukataa. Akaacha viatu vyake, akaniketisha juu ya kreti, akabaki amesimama na mikono imeshikana mbele kama mtu aliye kanisani.

"Dada, nilifika kwa mlango wenu mara mbili. Nikapiga hodi vile Nasiri alikuwa anatuambia. Siku zote kule alikuwa anapiga hivyo akiingia bwenini, hata akitoka chooni. Mara ya kwanza nilipiga pole pole, hakuna mtu akasikia. Mara ya pili mama mzee akaitikia. Akasema 'Karibu, mgeni.' Nikashindwa. Nikakimbia."

"Yuko wapi ndugu yangu?"

Akaniambia. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe.

"Ile Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Shimo la msingi wa tangi lilikuwa limefika kwa makaburi. Nasiri aliomba siku moja tu, wahamishe mifupa. Wakasema ratiba imetoka kwa Wenyewe. Wakati wa mapumziko mlinzi wa pale akafungua mlango wa nyuma, bibi mmoja akaingia na watu wake na sanda. Nasiri akavua ovaroli. Akaikunja, akanipa. Akasema, 'Siwezi kugusa wafu wa watu nikiwa na jina ambalo si langu.' Akashuka na fulana yake. Alitoa sahani kwanza, ya maua, akampa bibi. Halafu ukuta wa shimo ukaanguka.

"Tulichimba kwa mikono, dada. Nguo yangu ilichanika huku mabegani. Watu wawili wa kijiji tuliwatoa, wazima. Halafu Wenyewe wakaja na bunduki, wakatuondoa wote, wakasema ardhi itaanguka tena. Wakazungusha ule utepe wa plastiki. Jumapili malori ya zege yakaja. Nguo yake walikuwa wameichukua kwangu; mimi nilikuwa sina nguo ya kazi, stoo wakanipa hiyo hiyo. Walikuwa wameshatoa jina, nikashona langu kwa mkono. Nimeivaa, dada. Nimeivaa mpaka nimerudi. Tulitia sahihi kwamba hatutasema, na nina watoto."

"Na yeye? Hawakumtoa?"

"Hapana. Iko pale."

Maisha yangu yote nimewasahihisha watu neno hilo. Leo sikuweza.

Jina lake, Ndihokubwayo, kwa Kinyarwanda maana yake ni kwamba niko hai kwa ajili Yake Yeye, Mungu. Nimelifikiria njia nzima. Nimemfikiria na ndugu yangu, ambaye nimemtukana wiki sita, nikimwona kwenye baraza la mwanamke, na kumbe zege lilikuwa limeshakauka juu yake. Nisamehe, Nasiri. Nisamehe, mdogo wangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, nikatafuta maneno. Akanitangulia. "Ni ile Ijumaa ya mvua kubwa," akasema. Nikasema ndiyo. Kisha akauliza kama Nasiri alitawadha. Sikujua. Nikasema mvua ilikuwa inanyesha. "Basi alitawadha," akasema, na hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye mpaka majirani wakaja na *ihangane* zao, pole za Kinyarwanda, na thermosi za chai.

Ameswaliwa swala ya ghaibu msikitini Nyamirambo, ile ya maiti asiyekuwepo. Imamu aliuliza jina. Mama alitamka yeye mwenyewe, kutoka upande wa wanawake, kwa sauti iliyofika mbele.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimempigia Bertrand. Sikumfokea, nimechoka. Nilimwambia najua alipo Nasiri. Nikasikia akifunga mlango wa ofisi. Kisha akasema kwa upole ule ule, "Mimi niliandika kile walinitumia, dada. Nguo ni za Alhamisi, usisahau." Nadhani hakujua. Nadhani pia hakutaka kujua, na siku hizi sioni tofauti.

Mugeni alikuwa amesimama nyuma yangu. Ana mtoto mmoja tu, na ovaroli yenye jina la MUCYO ilikuwa tayari, imepigwa pasi. Nikamwambia, "Mama Mucyo, sitakuamulia." Aliichukua, akakaa nayo kwenye kigoda, akashika kifumulio, akaanza kutoa jina la mwanaye, herufi baada ya herufi, akipuliza nyuzi.

Mucyo alikuja jioni kugomba. Ati nafasi hii hairudi. Mama yake akamwonyesha kifua kile kwenye mwanga, matundu yakisomeka MUCYO. "Ona," akamwambia. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unaanza kuwa matundu." Kijana akatazama, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Amerudi baadaye akaosha vyombo.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua. Nimekaa chini ya zile nguo zilizotundikwa. Leo nami nimezisalimu.

Jumatatu, 8 Desemba

Wazo limenijia nikiwa natia uzi. Nimemwambia Mugeni. Akanitazama, akasema, "Bwana wee! Hutapata kazi yao tena." Nikasema sijawahi kuichukia kama ninavyoichukia leo. Akavuta kigoda chake karibu.

Jumatano, 10 Desemba

Tumemaliza, mchana, na umeme haukukatika hata mara moja.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua imetuaga kwa nguvu. Bertrand alikuja na pikapu, hakutaka kulowa, akasimama chini ya bati letu na kuita kwa Kiswahili chake, "Hodi! Wenyewe iko?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango, na ovaroli moja imekunjwa magotini. Ni ile yenye L; hiyo hatuirudishi. Akainua kichwa. Nikaogopa ataitikia mchezo wao.

"Wenyewe wako chini ya tangi lenu," Mama akamwambia. "Nenda ukawapigie hodi huko."

Bertrand akanitazama, uso umemshuka. Nikamwonyesha magunia, yameshafungwa kwa kamba na kushonwa mdomo. Hakuyafungua, kwa sababu ya mvua, na nadhani kwa sababu ya Mama. Aliyabeba mwenyewe mpaka garini, akateleza mara moja, hakutukana.

Yatafunguliwa huko, kwenye ile stoo. Watatoa ya kwanza, wasome NASIRI. Watatoa ya pili, NASIRI. Watafika chini kabisa ya gunia na kila kifua kitakuwa kimeandikwa hivyo hivyo, kwa uzi mwekundu, mshono maradufu. Watafumua, najua. Watamtafuta fundi mwingine, na watu watavaa, na kazi itaendelea. Lakini kitambaa kile nakifahamu. Mtu atakayesimama kwenye jua la huko atambeba ndugu yangu kifuani, na bibi aliye nje ya uzio, kama macho yake bado mazima, atamsoma.

Gari lilipopanda kilima Mama akaniuliza, "Wameondoka wote?"

"Wote, Mama."

"Mmeandika kwa *re*? Si kwa *lamu*?" Yeye herufi alizijulia chuoni, za Kiarabu, hajui nyingine.

"Kwa *re*, Mama. Zote."

Akaipapasa ile nguo magotini, akayasoma matundu yake kwa kidole bila kuyajua.

"Basi," akasema. "Sasa akiitwa, ataitika."